Faiwoli za Linux: kuweka ni dakika moja, siku ya kuapgredi ndo utajua hujui

Wakuu, nimekaa na hizi faiwoli za Linux (walinzi wa mtandao wanaoamua nani aingie kwenye mashine na nani akae nje) miaka mingi sasa, sava za kazini, mashine zangu mwenyewe na za watu wanaonipigia usiku wakishajifungia nje, na kila anayeniomba ushauri swali ni lile lile, nichukue ipi iliyo rahisi kuweka. Jamani zote ni rahisi kuweka. Unaandika apt install au dnf install, unagonga y, ukimaliza kujinyoosha mgongo ishakaa. Ila kuiweka unaiweka mara moja tu, kuiapgredi utaiapgredi mpaka uchoke, na tabia yake halisi inatokea huko, ni kama mpangaji, siku anahamia ni mpole na anasalimia kila mtu, subiri miezi sita. Kwa hiyo hapa sipimi urembo wala wingi wa mbwembwe, napima kitu kimoja tu, siku pakeji mpya zinashuka huyu jamaa anakuachaje.

Kabla sijawataja mmoja mmoja tuelewane kitu maana bila hiki utalaumu wasiohusika. Anayezuia pakiti (vifurushi vya data vya mtandao) kwenye Linux ni keneli yenyewe, ule moyo wa mfumo, kile kipande kinaitwa netfilter, hawa wengine wote ufw sijui firewalld sijui CSF ni makarani tu, wanaandika sheria wanazipeleka kwa bosi. Karani mkuu zamani alikuwa iptables, kaja na keneli 2.4 mwaka 2001, na watu wengi tumejifunzia hapo. Halafu Januari 2014 keneli 3.13 ikaja na nftables, na distro (hizi ladha tofauti za Linux) zikaanza kubadilisha mambo taratibu bila kelele, Debian 10 na RHEL 8 (hii ya mwisho ni ya kampuni ya Red Hat) zote za mwaka 2019 zikahamia huko, na ile amri ya iptables unayoiandika leo kwenye distro nyingi siyo ile ya babu yako, ni mkalimani, wewe unamwambia kwa lugha ya zamani yeye anampelekea keneli kwa lugha mpya. Andika iptables -V utaona, mwisho wa mstari kuna neno, ama nf_tables ama legacy.

Hilo neno limeshanila nusu siku. Nilipandisha sava kutoka Debian 9 kwenda 10, ikamaliza salama, nikasema kurebuti ntarebuti usiku watu wakilala. Mchana mtu akaomba poti (mlango wenye namba) ya 8443, nikaifungua kwa ufw, ufw ikasema sawa, nikajaribu kutoka nje, kimya. Nikaitazama status, imeandikwa ALLOW kabisa. Nikafuta nikaweka tena, nikamlaumu mwenye aplikesheni, nikamlaumu mtu wa mtandao, nikaja kushtuka kuna kamstari iptables ilikuwa inakaandika kila nikiita orodha na mimi kila mara nakaruka, kanasema kuna meza (makundi ya sheria) za iptables-legacy zipo, tumia iptables-legacy uzione. Yaani sheria za kabla ya apgredi zilikuwa bado zimekaa kwenye keneli kwa mtindo wa zamani, na zile mpya zimekaa kwa mtindo mpya, na pakiti inapita kwa walinzi wawili, mmoja akisema hapana basi ni hapana hata yule mwingine akiwa kamwaga zulia jekundu. Nikarebuti, ikafunguka sekunde ile ile. Kosa langu, ufw haikuwa na neno, ila tangu siku ile nikipandisha distro narebuti hapo hapo, atakayelalamika alalamike.

Haya, ufw yenyewe. Imekuja na Ubuntu 8.04 mwaka 2008 na kwa mtu anayeanza sioni mshindani. Kwenye Ubuntu unaikuta imeshawekwa ila imelala, kwenye Debian unaiweka mwenyewe. Unaandika ufw allow OpenSSH, halafu ufw enable, inakuonya kwamba amri hii inaweza kukata ssh iliyopo (njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali), unasema y, umemaliza. Inashughulika na IPv4 na IPv6 (anwani za mtandao za mtindo wa zamani na za mtindo mpya) kwa pamoja mradi kwenye /etc/default/ufw pameandikwa IPV6=yes, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana maana wengi wa enzi za iptables walikuwa wanafunga mlango wa mbele halafu ule wa IPv6 uko wazi wala hawajui kama upo.

Sasa ile OpenSSH uliyoiandika haimaanishi ssh yako, inamaanisha poti 22. Mimi nilishahamisha ssh kwenda poti nyingine muda mrefu, nikaandika ufw allow OpenSSH kwa mazoea, nikawasha, na terminali ikaendelea kudunda vizuri tu, naandika ls inajibu, nikaridhika nikafunga laptop. Kumbe sesheni ya zamani inaendelea kwa sababu faiwoli inaruhusu mazungumzo yaliyokwisha anza, anayezuiwa ni mgeni mpya anayebisha. Asubuhi mgeni mpya nilikuwa mimi. Ikabidi niingie kwa konsoli ya mwenye sava, ile ya kwenye brauza ambayo ukigonga herufi moja inaandika mbili, na paswedi yenye alama za ajabu niliyoitunga siku niko na furaha. Kwa hiyo shika hili, ukigusa faiwoli usitoke kwenye terminali ya kwanza, fungua ya pili, ingia upya kabisa, ikikubali ndo ufunge.

Kwenye kuapgredi ufw ni mtulivu. Sheria ulizoongeza kwa amri zinakaa /etc/ufw/user.rules na pakeji mpya haizigusi, kinacholeta maneno ni mafaili uliyoyachezea kwa mkono, before.rules hasa, hapo itakuuliza ubaki na lako au uchukue jipya. Ukiwa unapandisha Ubuntu nzima kwa do-release-upgrade ukiwa juu ya ssh, yenyewe inafungua sshd (programu inayopokea ssh) ya akiba kwenye poti 1022 ili ya kwanza ikikatika uwe na pa kuingilia, kitu kizuri kweli, ila faiwoli yako haijui habari za 1022 na jamaa hakufungulii, anakuambia tu. Watu wanagonga enter bila kusoma. Mlango wa dharura upo, umejengewa ukuta kwa mbele. Fungua 1022 kabla ya kuanza, funga ukimaliza, ni amri mbili.

Kingine, kuna mafundisho mengi ya zamani yanakuambia weka iptables-persistent ili sheria zisipotee ukirebuti. Ukishakuwa na ufw huihitaji, ufw inatunza zake mwenyewe, na kwenye matoleo mapya ya Debian na Ubuntu hawa wawili hawakai chumba kimoja, ukiweka mmoja apt inamtoa mwingine. Na inakuambia, imeandikwa pale kwenye orodha ya zitakazoondolewa, ila orodha ina mistari arobaini na wewe una njaa. Soma ile orodha. Mtu akiniambia faiwoli yangu ilipotea yenyewe baada ya apgredi huwa sibishani, namwambia anifungulie /var/log/apt/history.log, tunatafuta neno Remove, na mara nyingi y aliigonga yeye.

Docker, ile inayoendesha programu ndani ya vifungashio viitwavyo kontena, nayo niiseme hapa maana wenye ufw ndo wanaumia zaidi. Ukichapisha poti ya kontena, Docker anaandika sheria zake kwenye meza ya nat, na pakiti za kontena haziendi kwenye INPUT (njia ya pakiti za mashine yenyewe) ambako ufw amekaa anasubiri, zinapitia njia ya FORWARD (ya pakiti zinazopitishwa kwenda kwingine). Matokeo yake ufw status inasema imefungwa na dunia nzima inaingia kwenye database yako. Siyo siri, nyaraka za Docker zenyewe zinasema hivi vitu viwili haviendani. Dawa rahisi ni kuchapisha kwa 127.0.0.1:5432:5432 badala ya 5432:5432, au kuandika sheria zako kwenye cheni (orodha ya sheria) ya DOCKER-USER ambayo imewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Hapa ufw siipunguzii alama kwa kuzidiwa, naipunguzia kwa kukuambia uko salama wakati haina habari. Na ufw limit ssh mnayoipenda, inamfungia anayegonga mara 6 ndani ya sekunde 30, nzuri sana, mpaka skripti yako ya bakapu iwe inafungua ssh moja kwa kila folda kama ilivyokuwa yangu.

Kuna moja ya laptop nayo niimalize hapa. Ninayo yenye distro ile aina ya kujiapdeti kila siku, Arch, jioni nikaapdeti, keneli mpya ikashuka pamoja na vingine, sikurebuti (naona mshajua tabia yangu). Nikataka kuwasha ufw nikapata kosa refu la iptables, kwamba haiwezi kuanzisha meza ya filter, meza haipo, labda unahitaji insmod, labda iptables au keneli yako inahitaji kuapgrediwa. Nimetoka kuapgredi sasa hivi! Nikaiweka ufw upya, nikaiweka iptables upya, wapi. Kilichotokea ni kwamba pacman (anayeweka pakeji kwenye Arch) ikiweka keneli mpya inaondoa folda ya moduli (vipande vya ziada vya keneli) za ile ya zamani, na keneli inayokimbia muda ule bado ni ya zamani, inaita moduli ya faiwoli kwenye /lib/modules haikuti folda yake. Ukiona meseji ya namna hiyo andika uname -r, halafu ls /lib/modules, majina yasipolingana acha kusoma mitandaoni, rebuti.

Firewalld sasa. Huyu ni wa familia ya Fedora na RHEL, RHEL 7 ya mwaka 2014 ndo ilimleta kwa wengi wetu na wengi wetu tulimchukia, systemctl stop firewalld ilikuwa ndo amri ya kwanza baada ya kuweka sava. Nimebadilika. Nakiri hadharani kwamba kwenye hicho kipimo cha kuapgredi huyu ndo anaongoza, na sababu ni jinsi alivyopanga mafaili yake. Vya kwake viko /usr/lib/firewalld, vya kwako viko /etc/firewalld, ukibadilisha kitu anakuandikia kwako na cha kwako ndo kinashinda, pakeji mpya ikija inafagia upande wake tu haivuki uzio. Kwa hiyo apgredi nyingi zinapita hujaulizwa chochote. Faili kuu la firewalld.conf ukiwa umeligusa, dnf nayo haikuulizi, inakuachia lako na jipya inaliweka pembeni na mkia wa .rpmnew, sasa usipokuwa na tabia ya kutafuta hayo mafaili ya rpmnew yatalala hapo mpaka kiama, mimi nilikuta moja lina umri wa miaka mitatu.

Kinachowachanganya wageni ni ule ubabaishaji wa sasa na wa kudumu. Ukiandika firewall-cmd --add-port=8080/tcp inafunguka muda huo huo, unafurahi, ukirebuti imepotea. Ukiweka --permanent inaandikwa lakini haifunguki mpaka ufanye --reload. Nilikuwa naona ujinga, siku hizi naona ni akili kubwa, maana unajaribu kwanza bila --permanent, ukijifungia nje mtu akirebuti sava imerudi ilivyokuwa, ukiridhika unaandika --runtime-to-permanent imekwisha. Na kuna kitu watu hawakitumii kabisa, --timeout=5m, unafungua poti kwa dakika tano halafu inajifunga yenyewe. Mtu anataka aangalie kitu mara moja, unampa dakika tano, huna haja ya kukumbuka kufunga.

Pa kuangalia ni hapa. Tangu firewalld 0.6.0 ya mwaka 2018 mtindo unaokuja nao ni nftables, kwa hiyo ukitoka RHEL 7 kwenda 8 ukaandika iptables -L kama ulivyozoea unakuta pako tupu, unapata mshtuko unadhani faiwoli imekufa. Haijafa, andika nft list ruleset utakutana na ukurasa mrefu mpaka uchoke kushuka. Na kwenye RHEL 8 kuna onyo lilikuwa linajaa kwenye logi kuhusu mpangilio uitwao AllowZoneDrifting, kwamba siyo salama na itaondolewa huko mbele, watu wengi tukalizoea kama mlio wa friji. Ikaondolewa kweli kwenye 1.0.0 mwaka 2021, na ukitaka kupandisha kwenda RHEL 9 kwa leapp, chombo cha kupandisha toleo la RHEL, leapp inagoma kuendelea mpaka uende kwenye firewalld.conf uandike no. Mimi hapo nampa alama za juu aliyeweka hicho kizuizi, bora nigomewe mapema nikiwa macho kuliko nigundue baadaye. Ila jamani, onyo likijirudia kwenye logi lisomeni, lina tarehe yake.

Na zoni (viwango vya kuamini mtandao), ndio, ni nyingi, drop, block, public, external, dmz, work, home, internal, trusted, kwa sava yenye kadi moja ya mtandao utatumia public na maisha yataendelea. Usimsikilize anayekuambia uweke trusted "kwa muda tu tuone kama tatizo ni faiwoli". Hiyo inaruhusu kila kitu, na neno "kwa muda tu" mimi nimelikuta limekaa kwenye sava miaka.

Nftables kavu kavu bila karani yeyote juu yake ndo naipenda kuliko zote, na ndo imenitia aibu kuliko zote. Kupenda kwanza. Faili moja, /etc/nftables.conf kwa Debian, kwa wa RHEL ni /etc/sysconfig/nftables.conf, unaandika table ya aina ya inet inabeba IPv4 na IPv6 kwa mpigo, seti za anwani ziko humo humo, na faili zima linaingia kwenye keneli kwa mkupuo, likiwa na kosa mstari wa themanini haliingii hata la mstari wa kwanza, zile za zamani zinabaki kazini. Zamani skripti ya iptables ikifia njiani ilikuacha nusu uchi. Na nft -c -f faili inakukagulia bila kugusa chochote, iweke mazoea.

Aibu sasa. Nilikuwa na skripti ya kuapgredi sava nyingi kwa mkupuo, usiku, bila kuulizwa maswali, na katika ile hali ya kutaka isisimame njiani nilikuwa nimeiwekea DEBIAN_FRONTEND=noninteractive na ile chaguo ya dpkg (anayeweka pakeji kwenye Debian) ya --force-confnew, kwa maana ukikuta faili la mipangilio lina toleo jipya chukua jipya. Niliiweka kwa sababu ya programu nyingine kabisa, nikasahau. Kwa kawaida ukiwa umekaa pale dpkg inakuuliza, faili lako umelibadilisha na mwenye pakeji kaleta jipya, unataka Y, N, D au Z, na usipojua ukagonga enter tu inabaki na lako, N ndo jibu lililowekwa. Mimi nilikuwa nimeshamjibia Y sava zote. Pakeji ya nftables ikashuka na nftables.conf mpya, na nftables.conf inayokuja na Debian ni faili zuri, safi, lenye cheni tatu, input, forward, output, na ndani ya hizo cheni hamna kitu. Linaruhusu kila pakiti. Huduma ikaanza bila kosa, systemctl status kijani, ufuatiliaji wote kijani, kwa nini isiwe kijani, kila kitu kinafikika! Siku nne. Nilikuja kuona kwa bahati, nilikuwa natafuta anwani fulani kama niliifungia, nikaandika nft list ruleset nikitegemea mistari mia na ushee, ikarudi mistari kumi na kidogo. Nikakaa naiangalia kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake hauna komeo na funguo anazo mfukoni.

Kwa hiyo skripti yangu siku hizi ina --force-confdef na --force-confold, abaki na langu, na baada ya apgredi inahesabu. Kabla ya kuanza inaandika nft list ruleset kwenda faili, ikimaliza inaandika tena kwenda faili la pili, halafu diff. Namba za kaunta zinakuletea kelele kwa hiyo weka -s kwenye nft iziondoe, kinachobaki ndo mabadiliko ya kweli. Na angalia pia kutoka nje, kwa nmap (inayopapasa poti zilizo wazi) kwenye mashine nyingine, maana sava haiwezi kujijua inavyoonekana na watu.

Tena kwa wanaoanza na nftables, kwenye Debian huduma yake haiwashwi yenyewe, unaandika systemctl enable --now nftables, na kama hujaandika sheria zako ukaiwasha tu umemwajiri mlinzi anayefungulia kila mtu geti na salamu juu. Halafu ule mstari wa kwanza wa flush ruleset, huo unafuta kila kitu kwenye keneli, siyo vya kwako tu, vya Docker, vya fail2ban, vyote. Ukireload faiwoli mchana kontena zinapoteza mtandao watu wanaanza kupiga simu. Mimi huo mstari nimeutoa, natangaza table yangu, naifuta hiyo hiyo, naiandika upya, vya wengine sivigusi. Unatangaza kwanza kwa sababu ukifuta table ambayo haipo ni kosa na faili zima litagoma, ndo ule uzuri wa mkupuo unageuka kero.

CSF naiongelea kwa masikitiko kidogo. Wenye sava za hosting mnaijua, ile yenye csf.conf refu na lfd (mlinzi wake anayefuatilia majaribio ya kuingia) inayokutumia barua pepe mpaka unaichukia. Ilikuwa na kitu kimoja ambacho naona kila faiwoli ingekiiga, ukiiweka inaanza na TESTING = "1", na hali hiyo inafuta sheria zote kila dakika tano, ukijifungia nje unasubiri dakika tano unarudi, ukiridhika unaandika "0". Kuiapgredi ilikuwa csf -u basi. Sasa waliokuwa wanaitengeneza wamefunga tarehe 31 Agosti 2025, wakaiachia kodi kwa leseni ya GPLv3 kabla ya kuondoka, wameondoka kiungwana kwa kweli. Lakini sava yako haijui kama wameondoka. Bado inabisha hodi kuulizia toleo jipya kwenye mlango ambao hamna mtu, kwa hiyo kama bado unayo nenda AUTO_UPDATES uweke "0" leo, na amua kama unahamia kwa watu walioichukua ile kodi kuiendeleza au unaondoka kabisa. Inaendelea kufanya kazi ndio, hata gari lisilo na spea linatembea. Kuiweka upya kwenye sava mpya mwaka huu sikushauri.

Shorewall, karani mwingine wa iptables, kwa ufupi, aliyeianzisha alistaafu 2019, haijui nftables, inapita kwa mkalimani, kama unayo na inakutosha usihangaike leo, ile safe-restart yake inayokuuliza mambo yako sawa na usipojibu inarudisha za zamani bado hakuna aliyeipita kwa uungwana.

Fail2ban siyo faiwoli, acheni kuiita faiwoli, ni mbeya anayesoma logi halafu anaenda kumsemea mtu kwa faiwoli. Ila naitaja kwa sababu inavunjika kimya kimya. Debian 12 ya mwaka 2023 ukiiweka upya haiji na rsyslog (mwandishi wa mafaili ya logi), maana yake /var/log/auth.log haipo, na fail2ban inaanza kwa kulitafuta hilo faili la jela (ulinzi wa huduma moja) ya sshd, halioni, inakufa. Unaandika backend = systemd kwenye jail.local, unahakikisha python3-systemd ipo, inafufuka. Kwenye jail.local nimesema, siyo jail.conf, jail.conf ni ya pakeji, ukiandika humo siku ya apgredi unarudi kwenye yale maswali ya Y na N.

Mkinibana nichague, laptop na sava ndogo ya mtu mmoja weka ufw usiangalie nyuma. Familia ya RHEL baki na firewalld, acha kuizima, jifunze amri sita tu. Sava zenye kontena nyingi au njia nyingi za mtandao andika nftables mwenyewe, uchungu ni wa wiki ya kwanza. Na usiweke mbili kwa pamoja "kwa usalama zaidi", ufw na firewalld kwenye mashine moja hazikuongezei usalama, zinakuongezea siku mbili za kutafuta nani kafunga poti.

Na kabla hujagonga enter kwenye apgredi yoyote ya mbali, andika systemd-run --on-active=10min ufw disable, au amri yoyote inayofungua faiwoli unayotumia, systemd itakupa jina la kale katimer. Ukiingia salama kwa terminali ya pili unakasimamisha kwa systemctl stop na hilo jina. Usisahau kukasimamisha. Mimi nilishasahau.

Bado ninayo sava moja ina skripti ya iptables mistari mia tatu niliyoirithi, ina maoni ya watu wanne tofauti na mstari mmoja umeandikwa tu "usifute huu". iptables-restore-translate nimeshaipitisha humo mara mbili, inatafsiri karibu yote, ule mstari nao umetafsirika vizuri kabisa, unafungua poti ambayo hakuna programu yoyote inayosikiliza. Jumamosi naufuta, nimeshaweka timer.